Pauni tatu kwa dakika nne: uchambuzi wa kisa cha mashine mbili za uhalisia pepe, 1992–1995

Kisa hiki ni cha ukumbi mmoja wa gemu katika mji wa katikati ya Uingereza, na cha mashine zake mbili za uhalisia pepe, ambazo mchezaji huvaa kofia akajiona yumo ndani ya ulimwengu uliochorwa na kompyuta. Familia yenye ukumbi ilikubali daftari za hesabu zisomwe kwa sharti kwamba jina la mji, majina ya watu na tarehe kamili ziondolewe. Tarakimu za fedha za ukumbi zimesogezwa kidogo ili zisitambulike, lakini uwiano wake haukuguswa. Bei na vipimo vya mashine za wakati ule kwa jumla ni vile vinavyojulikana hadharani.

Ukumbi na mwenyewe

Bwana S. alizaliwa Unguja, akahamia Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani miaka kadhaa kabla ya kupanga duka la vyumba viwili na kuligeuza ukumbi wa gemu. Mpwa wake, nitamwita H., alikuwa fundi na msimamizi.

Ukumbi wao ulikuwa na jambo moja lisilo la kawaida katika biashara ile: haukuwa na mashine za kamari. Kumbi nyingi za Uingereza wakati ule zililipia pango kwa zile mashine za kuzungusha picha za matunda, na gemu za video ziliwekwa kuvuta vijana mlangoni. Bwana S. alikataa tangu siku ya kwanza kwa sababu za dini. Kwa hiyo ukumbi uliishi kwa gemu tupu, na mashine ya gemu huzeeka upesi kuliko mashine ya kamari. Kila baada ya miezi michache ilimbidi aweke kitu kipya, la sivyo vijana wangehamia kwingine.

Mwaka 1992 hali ilikuwa ngumu kwa pande mbili. Uchumi wa Uingereza ulikuwa umedorora na watu wamebana matumizi. Halafu mashine za kuchezea gemu nyumbani zilikuwa zimeenea: Mega Drive ilikuwa tayari sebuleni kwa watu, na Super Nintendo ikaingia Uingereza mwezi wa Aprili. Gemu iliyojaza ukumbi, Street Fighter II, ilikuwa njiani kwenda kuchezwa nyumbani. Bwana S. alitafuta kitu ambacho mzazi hawezi kukinunua dukani akakiweka juu ya televisheni.

Mashine yenyewe

Kitu hicho kilikuwa kimeshatengenezwa, tena si mbali. Kampuni ya W Industries ya Leicester, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Jonathan Waldern pamoja na wenzake, ilionyesha mashine zake za uhalisia pepe jijini London mwishoni mwa mwaka 1990. Zilijulikana kwa jina la Virtuality, na baadaye kampuni yenyewe ikachukua jina hilo. Zilikuwa za aina mbili: moja mchezaji hukaa kitini kama rubani, nyingine husimama ndani ya kizimba cha duara chenye ukingo wa kumzuia asianguke. Mchezaji huvaa kofia kubwa yenye skrini mbili ndogo, moja kwa kila jicho, na kipima-mwendo cha sumaku huiambia kompyuta kichwa kimeelekea wapi.

Ndani yake mlikuwa na Amiga 3000, kompyuta ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua, yenye prosesa ya Motorola 68030 ya megahezi 25. Prosesa hiyo peke yake isingeweza kuchora ulimwengu wa pande tatu kwa kasi iliyotakiwa, kwa hiyo ziliongezwa bodi za picha zenye chipu za Texas Instruments. Kila skrini ya kofia ilikuwa na pikseli (nukta za picha) 276 kwa 372, na picha zilibadilika mara 20 hivi kwa sekunde.

Msomaji wa leo atacheka, lakini apime na kilichokuwapo. Kofia ya EyePhone ya VPL Research, kampuni ya Jaron Lanier huko California, iliuzwa zaidi ya dola 9,000, na hiyo ni kofia tu. Kompyuta za Silicon Graphics za kuiendesha ziliupeleka mfumo mzima kwenye mamia ya maelfu ya dola. Hivyo mashine ya Leicester, ambayo Marekani ilitajwa kwa bei ya zaidi ya dola 60,000, ilikuwa rahisi kwa mtu wa maabara. Kwa mwenye ukumbi ilikuwa balaa.

Mashine za kisa hiki zilikuwa za kusimama, za kizazi hicho cha kwanza. Zilifanya kazi zilivyoahidiwa. Tatizo la kisa hiki si ubovu wa mashine.

Uamuzi wa kuzichukua

H. ndiye aliyeshawishi. Mazungumzo yao yamebaki kuwa hadithi ya familia.

"Mjomba, hiki nyumbani kwa watu hakiingii."

"Kwao kisiingie, sawa. Kwetu kitaingia kwa mlango gani?"

Alikuwa anauliza mlango wenyewe. Vizimba viwili na sehemu ya kupanga foleni vilichukua nafasi ya mashine sita za kawaida, na zile sita, hata zile kongwe, zilikuwa zinaingiza sarafu kila siku. Hasara hiyo haikuandikwa popote katika hesabu ya ununuzi. Nimeikuta baadaye, katika tofauti ya makusanyo ya ukumbi kabla na baada.

Walichukua mbili badala ya moja kwa sababu mashine hizi ziliweza kuunganishwa, wachezaji wawili wakakutana na kuwindana katika ulimwengu uleule. H. alisema mtu atalipa kumpiga rafiki yake, hatalipa kutazama vyumba vitupu. Katika hilo alikuwa sahihi kabisa.

Mashine mbili pamoja na vifaa vya kuziunganisha zilikaribia pauni 60,000 kabla ya kodi ya serikali. Bwana S. hakuwa na fedha hiyo, na mkopo wa benki wenye riba hakuutaka. Akachagua mkataba wa kukodisha wa miaka mitatu kutoka kampuni ya fedha: pauni 2,000 kwa mwezi, miezi 36, jumla 72,000. Kama kukodi huko kulikuwa halali kuliko mkopo ni mjadala wa wanazuoni, si wangu. Kibiashara kulikuwa na jambo zito zaidi: malipo yalifungwa kwa viwango vya riba vya mwanzo wa 1992. Septemba ile pauni iliporomoka na Uingereza ikajitoa katika mfumo wa kubana sarafu za Ulaya, na kufikia Januari 1993 riba ya Benki Kuu ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 10 hadi 6. Mkataba wake haukushuka hata senti.

Karatasi ya hesabu waliyoiandika usiku mmoja jikoni ilikuwa hivi. Mchezo mmoja pauni 3. Serikali inachukua VAT ya asilimia 17.5 iliyomo ndani, zinabaki pauni 2.55. Gharama za mwezi: kodi ya mashine 2,000, mhudumu wa kuvalisha watu kofia 1,270, mkataba wa matengenezo 400. Jumla 3,670. Gawanya kwa 2.55, unahitaji michezo 1,440 kwa mwezi, yaani 48 kwa siku kwa mashine zote mbili.

Uwezo wa mashine je? Mchezo ni dakika nne, na kuvaa, kuelekezwa na kuvua ni dakika mbili. Kila mashine watu kumi kwa saa, mbili ishirini. Ukumbi ulifunguliwa saa 12 kwa siku. Hiyo ni michezo 240 kwa siku, nao walihitaji 48. Sehemu moja ya tano tu! Mtu gani asingetia saini?

Miezi mitano ya neema

Mashine ziliwekwa karibu na dirisha, na juu yake skrini za nje zilizoonyesha anachokiona mchezaji. Gazeti la mji likaja. Jumamosi foleni ilifika barabarani.

Daftari la miezi hiyo linaonyesha wastani wa michezo 390 kwa wiki. Jumamosi peke yake 140, Jumapili 100, Ijumaa jioni 50, na 100 iliyobaki imegawanyika Jumatatu hadi Alhamisi. Makusanyo baada ya VAT yalikuwa pauni 4,300 hivi kwa mwezi, faida 640. Pango na umeme havimo.

Soma tena Jumamosi ile. Watu walikuwa wamejipanga, wana fedha mkononi, wengine wakakata tamaa wakaondoka, na kwa saa zile za msongamano mashine haziwezi kuongeza mtu hata mmoja. Jumanne mhudumu alikaa akifuta kofia ambazo hazikuvaliwa. Karatasi ya jikoni ilihesabu saa zote kuwa sawa, kana kwamba mteja aliyekosa nafasi Jumamosi saa tisa alasiri atarudi Jumanne saa nne asubuhi. Hakurudi, alikuwa shuleni.

Kushuka, na punguzo la bei

Mwezi wa sita tangu mashine ziwekwe idadi ilianguka hadi 195 kwa wiki, nusu kamili. Makusanyo 2,155, hasara 1,500 kwa mwezi.

H. alianza kuwauliza watu wakivua kofia. Karibu wote walifurahi. Karibu wote walisema maajabu. Wachache walisema watarudi, na waliorudi ni wachache zaidi. Wengine walishuka kizimbani wamepauka, wanatafuta pa kukaa.

Bwana S. aliamini ni bei. Pauni 3 zilikuwa nyingi, mashine ya kawaida ilichezwa kwa sarafu moja au mbili ndogo. Wakashusha hadi pauni 2. Michezo ikapanda hadi 240 kwa wiki, na Bwana S. akafurahi kuona vijana. Lakini baada ya VAT kila mchezo ulibakiza pauni 1.70. Makusanyo yakawa 1,770 kwa mwezi, chini ya yale ya kabla ya punguzo, na hasara ikafika 1,900. Kwa bei ile walihitaji michezo karibu 2,160 kwa mwezi ili gharama zirudi, idadi ambayo hata miezi ya neema haikuifikia.

Ilichukua miezi mitatu kuirudisha bei. Sababu iliyoandikwa pembeni mwa daftari ni "watoto watalalamika". Naielewa sababu hiyo, ila iligharimu.

Mashine zinatoka nje

Wokovu ulikuja bila kutafutwa. Muuzaji wa magari wa mji jirani alipita, akaona mashine, akauliza kama anaweza kuzikodi siku mbili kwa uzinduzi wa gari jipya. Hakujali michezo inachezwa mara ngapi. Alitaka wateja wake waone kitu ambacho hawajawahi kukiona, na picha zipigwe.

Kampuni ya fedha ilipoulizwa, jibu likawa hapana: mkataba ulikataza mashine kuhamishwa kutoka anwani iliyoandikwa bila kibali. Kupata kibali na bima ya safari kulichukua wiki kadhaa, na yule muuzaji wa magari akaenda zake. Lakini kibali kikabaki, na H. akaanza kupiga simu kwa kampuni za mauzo, hoteli na waandaaji wa maonyesho.

Kuanzia mwaka wa pili utaratibu ulibadilika. Jumatatu hadi Alhamisi mashine hazikufunguliwa ukumbini kabisa. Saa za mhudumu zilishuka kutoka 84 kwa wiki hadi 30, mshahara wake kutoka 1,270 hadi 455. Bei ikarudi pauni 3. Michezo ya mwisho wa wiki ilikuwa 150 hivi, makusanyo 1,660 kwa mwezi. Na siku nne za kukodisha nje kila mwezi, kwa pauni 500 baada ya kulipa gari na wabebaji, zilileta 2,000, yaani kodi yote ya mashine. Kwa mara ya kwanza tangu miezi ya neema, mwezi ulifungwa na ziada ya pauni 800.

Pendekezo la 1994 na mwisho wa mkataba

Mwaka 1994 kizazi kipya cha mashine kilikuja, chenye kompyuta ya PC badala ya Amiga na picha nzuri zaidi. Waliletewa pendekezo: rudisha za zamani, saini mkataba mpya mrefu zaidi. H. alitaka. Bwana S. alikataa, na safari hii sababu yake ilikuwa pale ukumbini: alikuwa ameweka jozi ya viti vya mbio za magari vya Sega, Daytona USA. Hazikuhitaji mhudumu. Mtu anakaa, anatia sarafu, anaondoka, mwingine anakaa. Vijana walirudi kila wiki kuvunja rekodi zao wenyewe.

Mkataba wa mashine za uhalisia pepe uliisha 1995. Kwa jumla ya miaka mitatu, kabla ya pango, walitoka karibu na sifuri. Mwaka wa mwisho siku za kukodisha zilipungua kwa sababu kila mwandaaji alikuwa ameshazitumia. Mashine zilirudi kwa kampuni ya fedha. Septemba mwaka uleule PlayStation iliingia Uingereza kwa pauni 299. Virtuality, iliyokuwa imeingia katika soko la hisa la London mwaka 1993, ilifilisika 1997.

Uchambuzi: fedha ilienda wapi

Kisa kama hiki kwa kawaida hufungwa kwa sentensi mbili: mashine zilikuwa ghali mno na picha zilikuwa duni mno. Zote mbili ni kweli, lakini zinaficha zaidi ya zinavyoonyesha.

Tuanze na picha. Mwaka 1992, mwaka uleule wa mkataba, Sega ilitoa Virtua Racing, gemu ya mbio za magari ambayo bodi yake ilichora poligoni (vipande bapa vinavyounda picha ya pande tatu) 180,000 kwa sekunde kwenye skrini moja ya pikseli 496 kwa 384. Mashine ya kofia iligharimu mara kadhaa zaidi na ikaonyesha ulimwengu mtupu: sakafu ya miraba, ngazi chache, maumbo yasiyo na sura. Mteja aliyetembea hatua kumi kutoka mashine moja hadi nyingine aliona tofauti bila kuambiwa. Kwa nini fedha nyingi inunue picha mbaya zaidi?

Kwanza, kila kitu huchorwa mara mbili, picha moja kwa kila jicho kutoka pembe tofauti kidogo. Nguvu uliyonayo inakatwa katikati kabla hujaanza. Pili, sehemu kubwa ya bei haikuwa kwenye uchoraji hata kidogo. Ilikuwa kwenye kofia, lenzi, kipima-mwendo cha sumaku na kizimba, vitu vilivyotengenezwa kwa idadi ndogo na kampuni changa. Sega iligawa gharama ya kubuni bodi yake kwa maelfu ya mashine.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, kofia inadai zaidi kuliko skrini. Picha 20 kwa sekunde kwenye televisheni zinavumilika, kwa sababu chumba kinachokuzunguka hakitikisiki. Ndani ya kofia hakuna chumba. Unageuza shingo, sikio la ndani linajua umegeuka, na picha inachelewa kufika. Nadharia moja inasema mwili unaichukulia hitilafu ile kama sumu, na tumbo linajibu. Wale waliopauka hawakuwa dhaifu. Ili kuwaponya, mtengenezaji angehitaji kasi maradufu au zaidi, na kwa chipu za 1992 kasi hiyo ilipatikana kwa njia mbili tu: kuufanya ulimwengu uwe mtupu zaidi, au kupandisha bei hadi ile ya maabara. Waliobuni michezo walijua, ndiyo maana sakafu ilikuwa ya miraba. Ilikuwa busara. Lakini ulimwengu mtupu unaumaliza kwa dakika nne, na ukishaumaliza huna sababu ya kurudi.

Kwa hiyo mashine hii kwa asili yake ilikuwa onyesho la mara moja. Thamani yake ilikuwa kwa mtu ambaye hajawahi kuivaa, na katika mji mmoja watu hao huisha. Ukumbi unahitaji mchezaji yuleyule arudi, maonyesho yanahitaji watu wapya kila siku. Mashine ilipohamishwa kwenda kwa watu wapya, ikajilipa bila kubadilishwa hata waya mmoja.

Uchambuzi: maamuzi mmoja mmoja

Kuchukua mbili na kuziunganisha kulifaa. Hata mwaka wa tatu, waliocheza wawili wawili ndio pekee waliorudi kwa kiasi cha kuonekana daftarini.

Skrini za nje zilifaa kwa siri yake: watazamaji walinunua vinywaji na kucheza mashine nyingine. Bahati mbaya hesabu haikutenganishwa, kwa hiyo sehemu ya hasara ya mashine hizi huenda ilikuwa faida ya friji.

Punguzo la bei halikufaa, na lingeweza kutabiriwa siku ileile. Jumamosi, siku pekee yenye saa ambazo wateja ni wengi kuliko nafasi, kupunguza bei ni kuwauzia kwa pauni 2 watu waliokwisha kujipanga kwa pauni 3. Punguzo la Jumatatu hadi Alhamisi peke yake lingekuwa na mantiki, japo sidhani lingeokoa mengi.

Mkataba ndio ninaoulaumu zaidi kuliko bei. Miaka mitatu ni muda wa kukodi jiko la mkahawa. Kompyuta ya picha katika miaka ile ilipitwa ndani ya miezi 18, na kutoka Virtua Racing hadi Daytona ni miaka miwili tu. Bwana S. aliendelea kulipa pauni 2,000 kwa nguvu ya picha ambayo mashine iliyosimama kando chumbani humohumo ilikuwa inaishinda kwa sarafu moja. Mkataba wa miezi 12 wa pauni 3,000 kwa mwezi ungeonekana wa kinyonyaji, na kwa miezi ya neema peke yake usingelipika. Lakini kama ungekuwa na ruhusa ya kusafirisha mashine tangu mwanzo, angeweza kuzipeleka miji mingine tangu mwezi wa sita wa mkataba, wakati Uingereza bado ilikuwa imejaa watu wasiowahi kuvaa kofia ile. Kifungu cha anwani, mistari miwili ukurasa wa nne, kiligharimu zaidi ya tofauti yoyote ya riba.

Na kukataa pendekezo la 1994? H. hadi leo anabisha kwamba kizazi kipya kingerudisha watu. Huenda kingewarudisha mara moja, kila mmoja aone tofauti. Kwa hesabu za ukumbi, mara moja ilikuwa na thamani ya miezi mitano, na mkataba mpya ulikuwa wa miaka minne.

Mashine sita zilizotolewa kupisha vizimba ziliuzwa kwa bei ya chakavu. Mbili kati yake H. aliziona baadaye katika ukumbi wa ufukweni, bado zinaingiza sarafu.